Mtindo wa Saba

Kwa miaka ishirini na sita, kidole gumba cha kushoto cha Blandine kimekuwa na kazi moja: kulaza masikio ya watu. Msusi akifika pembeni mwa kichwa, pale nywele zinapokuwa fupi na laini kama za mtoto mchanga, sikio humzibia njia. Basi hulikunja mbele kwa kidole gumba, hulibana kwenye shavu, na mkono wa kulia huendelea na safari yake. Mteja hasemi kitu. Blandine amekunja masikio ya wake za mainjinia na ya wauza makaa, ya mabibi harusi na ya wafiwa, na mengi angeyatambua akiwa amefumba macho. Kuna magumu kama ngozi ya ngoma, na kuna yaliyolegea kama majani ya muhogo yaliyotoka jikoni. Watu wengi hawajui masikio yao yakoje. Yeye anajua, kwa sababu tangu akiwa na miaka saba hajapata siku moja ya kuyasahau yake.

Yake yamesimama. Alizaliwa nayo hivyo katika nyumba ya kampuni kule Shituru, nyumba za matofali zilizopangwa kando ya reli, ambako vumbi la kiwandani hukaa juu ya nguo zilizoanikwa na hakuna anayeuliza tena. Shuleni walimwita Sufuria. Wasichana wawili walimshika, kila mmoja sikio lake, wakajifanya wanaepua chungu motoni. "Moto! Moto! Epua!" Uwanja mzima ulicheka. Walimu waliona, na walimu nao walicheka, daftari mdomoni. Mama yake alimfunga kitambaa kichwani kila alipolala, akakaza mpaka damu ikapiga kwenye paji la uso, lakini mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili na masikio yalikwisha kuamua.

Ndivyo alivyojifunza kusuka. Hakuna aliyemfundisha. Alikaa mbele ya kipande cha kioo akatafuta namna ya kuziangusha nywele juu ya masikio, na alipoipata, wenzake wakaja kuomba wasukwe vilevile, bila kujua kwamba ule urembo ulikuwa maficho. Baadaye akavaa kitambaa, na kitambaa hakikutoka tena. Benoît, mume wake, fundi wa pampu kiwandani, ndiye mtu mzima pekee aliyeyaona masikio yake mchana kweupe tangu alipotimiza miaka kumi na mitano.

Wavulana wao wawili walichukua masikio ya Benoît. Kisha akaja Plamedi, binti. Mkunga alipomweka kifuani, Blandine hakuhesabu vidole. Alizisogeza nywele zilizolowa, akatazama masikio, akalia. Mkunga alidhani ni furaha.

Mtoto huyo alikuwa bado hajaanza kutembea siku mkuu mpya wa shule ya msingi ya wasichana alipomwita Blandine ofisini kwake. Madame Hélène alikuwa mwanamke wa kupiga pasi hadi kamba za viatu. Alitaka utaratibu. Wasichana walikuwa wanakuja kila mmoja na kichwa chake, alisema, kama sokoni. Alitaka orodha ya mitindo kumi ya kusuka, mtindo mmoja kila juma, na ikiisha ianze upya. Wote wasukwe sawa. Sharti lilikuwa moja.

"Nywele zote nyuma. Sikio la mwanafunzi lionekane. Likifunikwa, halisikii."

Blandine, chini ya kitambaa chake, alisema, "Ndiyo, Madame."

Alichora siku tatu, kwa kalamu za rangi, juu ya karatasi ngumu. Aliipa mitindo majina: Nanasi, Shamba la Mahindi, Lufira kwa ule unaopinda kama mto, na wa saba akauita Reli, mistari iliyonyooka kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, imekazwa, imefungwa fundo moja. Alichora vichwa kumi vinavyotazama upande, na kila kichwa akakipa sikio dogo, zuri, lililolala. Karatasi ikatiwa kwenye fremu ya kioo na kutundikwa katika varanda ya shule. Jina lake lilikuwa chini, kwenye kona. Kwa miaka mingi, akipita pale, alitembea polepole.

Plamedi alianza shule hiyo akiwa na miaka sita, na haukuisha mwezi alikuwa na jina. Siku hizi hakuna anayesema Sufuria. Walimwita Parabole, kwa ajili ya yale masahani ya televisheni juu ya mabati.

"Parabole, leo unashika chaîne gani?"

"Geuka kidogo kwa kushoto, picha inakatika!"

"Musimuguse, mutaharibu match ya baba!"

Nyumbani Blandine alimsuka kwa ujanja, akilegeza mistari ya pembeni ili nywele zitune kidogo juu ya masikio. Madame Hélène alipita kwenye mstari wa asubuhi na rula, akazisukuma nyuma. Plamedi akaacha kucheza kamba. Akaacha kukaa mbele, ingawa haoni vizuri ubaoni. Alitafuta benchi la mwisho, akaegemeza kisogo ukutani, na hapo alikaa miaka mitatu.

Alipokuwa na miaka tisa, Jumamosi moja, alichukua gundi ambayo kaka yake alibandikia soli za viatu, akajifungia chooni, akajipaka nyuma ya masikio yote mawili na kuyakandamiza kichwani kwa viganja huku akihesabu hadi mia tano. Hakulia. Blandine alimkuta amesimama pale wima, macho makavu, mikono kichwani kama mtu aliyesikia habari ya msiba, na gundi imekwisha kula ngozi.

Hospitalini daktari kijana aitwaye Magloire aliibandua kwa mafuta na subira, saa nzima. Hakucheka. Blandine alimchunguza sana, akimngoja acheke, hata kwa macho. Alipomaliza, daktari alivuta kiti.

"Mama, hii sikio haina ugonjwa. Inasikia muzuri. Imekosa tu mukunjo moja, hapa." Alipitisha kidole hewani, karibu na sikio la mtoto bila kuligusa. "Ndani iko gegedu, ile kitu ngumu inayopinda. Kwa bantu bengine inajikunja yenyewe mu tumbo ya mama. Kwake haikujikunja. Tunapasua nyuma, mahali haionekane, tunaikunja, tunaishona na uzi. Kuanzia myaka tano, sita, inawezekana."

"Na akikuwa mukubwa?"

"Hata mukubwa. Gegedu yake ni ngumu zaidi, lakini inakubali." Alikitazama kitambaa cha Blandine, kisha kwa adabu akatazama dirishani. "Na mutoto anapozaliwa, majuma ya kwanza, sikio ingali laini sana. Mara nyingine inatosha kuifunga vizuri na plasta, inashika umbo, bila kisu."

"Majuma ya kwanza."

"Ndiyo, mama."

"Na ju ya nini hakuna muntu aliniambia?"

Blandine alikumbuka kitambaa cha mama yake, kilichokuja miaka kumi na miwili baadaye. Alikumbuka mkunga aliyedhani ni furaha. Kitu kilichokuwa kimelala ndani yake tangu uwanja ule wa shule kikainua kichwa, na hakikulala tena.

Benoît alipeleka karatasi ya daktari kwenye ofisi ya kampuni, ili walipe upasuaji. Karani aliisoma kwa sauti, ili wenzake wasikie.

"Mzee Benoît, kampuni inatibu magonjwa. Haitibu urembo. Kesho utatuletea bibi ananyoosha pua?"

Ofisi nzima ikacheka. Benoît alirudi nyumbani, akaiweka karatasi mezani, akasimulia kwa maneno machache kama kawaida yake. Blandine alikuwa anamenya vitunguu, na kisu kikasimama. Kwa hiyo ni urembo, alisema. Watoto wanapomcheka ni kilema. Walimu wanapocheka ni kilema. Lakini siku mtu akitaka kumtibu, ghafla ni urembo, ni kiburi, ni kutomshukuru Mungu. Kicheko hakina karani wa kukiuliza maswali; dawa ndiyo inaulizwa. Na wote hawa wanaosema Mungu alimuumba hivyo, walikuwa wapi na huyo Mungu wao siku mtoto alipojipaka gundi?

"Usinigombeze minye," Benoît alisema taratibu. "Minye sikucheka."

Hakucheka, ni kweli. Walilipa wenyewe. Blandine akasuka hadi Jumapili, baada ya misa.

Upasuaji ulifanyika likizo ya Pasaka. Kabla yake daktari aliuliza kama katika ukoo wao kuna mtu ambaye kovu lake huvimba na kukua kupita jeraha, na Blandine akamwonyesha matundu ya herini, tambarare, ya kwake na ya mwanawe. Saa mbili baadaye Plamedi alitoka amefungwa bandeji kubwa, kichwa cha mviringo kama mpira, uso mdogo katikati. Alitapika mara moja. Kisha akaomba soda.

Juma zima alilala chali, mito miwili ubavuni ili asigeuke. Alilalamika kwamba panawasha, kwamba anasikia moyo wake unapiga ndani ya masikio. Siku ya saba daktari alifungua bandeji, tabaka baada ya tabaka. Masikio yalikuwa mekundu yenye weusi, yamevimba, yanang'aa kama matunda yaliyoanguka. Lakini yalikuwa yamelala. Plamedi alipewa kioo. Alikaa nacho muda mrefu, akageuka huku, akageuka kule, na mwisho akagusa ukingo wa moja kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa mali ya mwingine.

"Mama, hii ni yangu?"

"Ni yako."

"Haitarudia?"

Daktari ndiye aliyejibu. Nyuzi za ndani ndizo zinazoshika sasa, alisema, na mpaka gegedu lizoee, majuma sita, sikio linaweza kurudi. Mkanda mpana wa kitambaa kinachovutika, aliouita bando, avae mchana na usiku mpaka mwisho wa mwezi, halafu usiku tu. Asicheze mpira. Asisukwe. Hapo alimtazama Blandine.

"Mama, najua kazi yenu. Hakuna kusuka, hakuna kukaza. Na sikio isikunjwe mbele hata mara moja. Ukikunja, uzi unakatika. Akisikia maumivu upande moja, muje saa ileile."

Aliandika barua kwa shule, akaipiga muhuri.

Kwa mara ya kwanza Blandine aliziacha nywele za binti yake bila kusuka, zimechanwa tu na kutulizwa chini ya bando la buluu. Majirani hawakukosa la kusema. "Mutoto ya mususi, kichwa kama pori!" Alicheka nao. Katika kazi yake hiyo ni aibu, sawa na fundi viatu ambaye watoto wake wanatembea peku, lakini alikuwa na furaha ambayo majirani hawakuweza kuifikia. Plamedi alikuwa kama amekwisha kulihama benchi la mwisho. Alikula amekaa mlangoni, akiangalia barabara, na barabara ikimwangalia.

Shule ilifunguliwa Jumatatu, juma la mtindo wa saba. Blandine alimpeleka mwenyewe. Madame Hélène alisoma barua hadi kwenye muhuri, akaikunja mara nne.

"Masikio," alisema. "Watoto wengine wanakuja hapa na malaria, mama. Bila barua."

"Ni majuma machache tu, Madame."

"Nikiruhusu mmoja, kesho nina vichwa mia tatu na vitambaa mia tatu. Nampa siku mbili. Jumatano aje kama wenzake, au akae nyumbani mpaka apone urembo wake."

Neno lile tena. Blandine alilisikia, akalimeza, na leo hii analikumbuka kama mtu anavyokumbuka mfupa wa samaki. Alisema, "Tutaona, Madame." Alikusudia kwenda kumwita daktari aje aseme mwenyewe. Daktari alikuwa Kapolowe hadi Jumatano. Jambo likangoja.

Jumanne saa saba mchana alikuwa kibarazani, kichwa cha mteja magotini, alipomwona Plamedi anakuja kando ya reli. Kwa mbali aliona mistari. Ilikuwa minane, imenyooka, imekazwa, fundo moja kisogoni. Na jambo ambalo Blandine hajajisamehe, na hafikiri kwamba atajisamehe, ni kwamba kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa fahari. Mistari ilikuwa safi. Mkono uliosuka Reli ile uliijua kazi.

Kisha mtoto akakaribia, na sikio la kulia likaonekana. Lilikuwa zambarau, limetuna kama bofu, limekaza hadi mikunjo yake yote imepotea.

Chanuo lilianguka. "Nani alikusuka?"

"Madame Laure."

Madame Laure alikuwa mwalimu wa darasa la nne, dada mpole wa miaka ishirini na minane, mteja wa Blandine mwenyewe, kila mwisho wa mwezi.

"Alinipeleka mu bibliothèque, kule kwa bitabu, saa ya récréation," Plamedi alisema. Alizungumza bila kutikisa kichwa. "Alisema pole. Alisema, acha nikusuke mbiyo mbiyo, ili kesho basikufukuze. Alikuwa nasuka polepole, mama. Hakunivuta."

"Bando iko wapi?"

"Mu sakoshi." Aligusa begi la shule begani.

"Na hapa alishika namna gani?"

Plamedi aliinua kidole gumba chake kidogo cha kushoto, akakipeleka karibu na sikio, akakilaza mbele, hewani. Kisha machozi yakaanza kutoka.

Blandine alikitambua kile kidole. Kilikuwa chake. Madame Laure alikuwa amekaa magotini pake miaka minne akikisikia shavuni.

Walipanda pikipiki ya taksi watatu, dereva, mtoto katikati, mama nyuma ameushika uso wa binti yake kwa viganja ili usitikisike kwenye mashimo. Magloire alikuwa nje ya mji, lakini muuguzi alimpigia simu, naye akarudi kutoka Kapolowe kwa lori la mihogo la mtu. Alikata uzi wa juu, akatoa damu iliyojikusanya chini ya ngozi, nyeusi, mpaka ikaja nyekundu. Plamedi alimuuma mama yake kiganja. Alama bado ipo.

"Damu nimeitoa kwa wakati," daktari alisema baadaye, akinawa. "Ingekaa mpaka kesho, sikio yote ingejikunyata. Lakini nyuzi mbili za ndani zimekatika. Siwezi kuzirudisha sasa, ngozi imechoka. Itapona, mama. Lakini itatoka kidogo kuliko nduguye ya kushoto."

"Kidogo namna gani?"

Alionyesha kwa vidole viwili, na nafasi kati yavyo ilikuwa kama unene wa kitabu cha sala.

Blandine alikaa na binti yake kwenye benchi la varanda ya hospitali, akaanza kufumua. Kusuka ni kazi ya haraka kwa mkono uliozoea. Kufumua bila kuvuta ni kazi nyingine kabisa. Alianza mwisho wa kila mstari, akalegeza kwa ncha ya sindano butu, tanzu baada ya tanzu, na hakugusa sikio. Mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa nane. Alikuwa anaifumua kazi yake mwenyewe, aliyoichora kwa kalamu za rangi na kuiwekea jina pembeni.

Nyumbani Benoît alimngoja amesimama. Alimkumbatia mtoto, akamlaza chali, akaweka mito. Kisha akamwambia mkewe jikoni, "Tukaushe, Blandine, tusiseme kitu. Mitihani iko karibu. Huyu Madame anaweza kumuharibia mwaka."

"Nimekausha myaka makumi ine, Benoît. Unaona mahali imetufikisha?"

Asubuhi alimwosha Plamedi uso, akambadilishia bandeji, akalikunja bando la buluu na kulitia mfukoni. Walifika baada ya bendera kupandishwa. Wasichana walikuwa bado kwenye mistari, vichwa vyote vya Reli, vichwa mia tatu vinavyong'aa mafuta. Madame Hélène alikuwa varandani chini ya fremu.

"Nilisema aje amesukwa."

"Alisukwa, Madame. Jana, humu ndani. Tulishinda hospitali nusu ya siku."

Mkuu wa shule alitazama bandeji. Uso wake ulibadilika kidogo, halafu ukajirekebisha. "Sikumwagiza mtu amuumize. Kanuni ni kanuni. Na wewe, mama, ni wewe uliyeichora. Jina lako hili hapa. Unakuja kunigombeza kwa mkono wako mwenyewe?"

"Ndiyo ile imenileta," Blandine alisema. "Ni mukono yangu. Uliniambia sikio ionekane, nikasema ndiyo Madame. Unajua ju ya nini nilisema ndiyo? Ju uliniita ofisini. Ju kwa mara ya kwanza mu hii shule muntu aliniita kwa jina yangu."

Hakupanga kufanya alichofanya kisha. Mkono ulipanda wenyewe, ukafungua fundo, na kitambaa kikateremka begani. Upepo wa asubuhi ulimgusa mahali ambapo haukuwa umemgusa kwa miaka ishirini na minane. Mstari wote wa wasichana uligeuza vichwa. Kisha mmoja, nyuma kabisa, akacheka, na kicheko kikashika wengine wawili watatu.

"Sikia," Blandine aliwaambia wote, na mkuu wa shule zaidi. "Munasikia? Ni hii sauti. Mulitaka kuona masikio? Angalieni. Minye naitwa Sufuria. Nilisomea hapa hapa, nikichekwa hapa hapa, kwa hii varanda. Walimu wangu walicheka. Na weye, Madame, muntu mukubwa, mwenye ufunguo ya shule, batoto banamwita huyu mutoto Parabole miaka mitatu, mbele ya dirisha yako. Iko kanuni gani ulitoa kwa ile? Rula yako ilipima nywele. Vinywa haikupima hata siku moja. Halafu tukimutafutia dawa, unasema urembo. Kama ni urembo, mulikuwa munacheka nini?"

Aliyecheka aliacha. Madame Hélène alinyoosha ukosi wa blauzi yake. 

"Mtoto atakaa nyumbani mpaka apone," alisema hatimaye. "Nimemaliza."

"Hapana, Madame."

Haikuwa sauti ya Blandine. Madame Laure alikuwa ametoka kwenye mstari wa walimu. Alikuwa amelia usiku, kope zilikuwa zimevimba. Alipita mbele ya mkuu wake bila kumtazama, akapiga magoti kwenye sementi mbele ya Plamedi, akanyoosha mkono kwa Blandine bila kuinua macho.

"Bando, mama. Nionyeshe tu namna gani."

Blandine alifikiri, kwa kweli, kumpiga. Kisha alilitoa bando mfukoni, akalivuta mwenyewe kwa vidole vyote kumi, akaliteremsha juu ya bandeji bila kugusa ukingo wa sikio, huku mwalimu akitazama kila kidole kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

"Huyu ni wa darasa langu," Madame Laure alisema akisimama. "Daktari aliandika barua. Ikipotea, mimi niliisoma, kwa kuchelewa. Kama ni kuandika mtu kwenye daftari la makosa, niandike mimi. Plamedi, twende. Utakaa mbele."

Wakaingia. Madame Hélène hakuwazuia, kwa sababu vichwa vyote mia tatu vilikuwa vinamtazama, na hiyo ndiyo sababu pekee. Blandine hajawahi kujidanganya kwamba kulikuwa na nyingine.

Kabla ya kuondoka aliishusha fremu.

"Hiyo ni mali ya shule," mkuu alisema.

"Kioo ni yenu." Alifungua misumari midogo ya nyuma kwa sindano yake butu, akatoa karatasi, akaitundika fremu tupu mahali pake, imenyooka. Jioni ile aliwashia karatasi hiyo mbabula, jiko lake la makaa, na maharage yakaiva juu ya Nanasi, Lufira, Reli, na masikio kumi madogo yaliyolala.

Shule ilipata orodha nyingine kabla ya juma kwisha. Msusi mwingine aliichora, mji una wasusi wengi, na nywele zote zinakwenda nyuma bado. Karani wa kampuni yuko mezani pake. Hakuna aliyekuja kuomba msamaha isipokuwa mmoja.

Plamedi alimaliza majuma sita, akafanya mitihani akiwa benchi la mbele. Sikio la kushoto limelala kama lililochorwa. La kulia linatoka kwa unene wa kitabu cha sala. Daktari alisema baada ya mwaka anaweza kulirudia. Mtoto alimsikiliza, akasema atafikiri, akatoka nje kuruka kamba. Wenzake bado wanatafuta jina jipya la sikio moja. Hawajalipata, na mama yake anajua watalipata.

Yeye havai kitambaa tena. Wateja wapya hushtuka, kisha huzoea. Na amebadilisha namna ya kufanya kazi. Akifika pembeni mwa kichwa, husimamisha mkono na kungoja.

Mwisho wa Julai Madame Laure alikuja, mara ya kwanza tangu siku ile. Alisimama kibarazani na kitana chake mkononi, hakujua kama aketi. Blandine alimwonyesha mkeka kwa kidevu. Alimsuka mistari ya juu, mistari ya kisogoni, mpaka akafika pale ambapo nywele ni fupi na laini. Kidole gumba cha kushoto kilikaa magotini.

"Shika sikio yako mwenyewe, Madame," alisema.

Mwalimu alilishika. Mkono wake ulichoka, na Blandine hakuharakisha.